Analogi si tusi: hadithi ya ile kebo ya bluu

Wasee, mwezi uliopita nilinunua adapta tatu ndani ya siku mbili, zote za kuunganisha monita moja ya zamani na laptopu moja mpya. Mbili zilikuwa hasara tupu. Ya tatu ikafanya kazi, lakini picha ikatokea imevutika kama unga wa chapati. Hapo ndipo nilikasirika vya kutosha kuanza kusoma, na mimi nikisoma kitu nikiwa na hasira siachi mpaka nifike mwanzo wake. Mwanzo wa hii nimeupata mwaka 1987, na kidogo 1981, na ukinibana sana nitakupeleka mpaka 1897. Kaa chini.

Kwanza monita yenyewe. Ni ya inchi 17, ile inayokaribia mraba, nyeusi, na mgongoni ina kibandiko kinachosema ilitengenezwa 2007. Ilikuwa mashine namba nne kwa saiba ya anko wangu Nakuru. Mimi nimekulia hiyo saiba. Nikitoka shule nilikuwa napanga karatasi kwa printa, natafutia watu fomu, na mwezi wa sita ukifika, ile wiki ya mwisho ya kujaza ripoti za ushuru, nilikuwa nalala hapo nyuma ya kaunta juu ya makoti. Namba nne ilikuwa na ugonjwa wake. Bila sababu yoyote skrini ilikuwa inageuka manjano, yote, hata mahali palipaswa kuwa peupe. Wateja waliiita homa ya manjano. Anko alikuwa anakuja bila kusema kitu, anasukuma kebo kwa kidole gumba, rangi zinarudi, anaenda zake.

Hiyo saiba ndiyo ililipa karo yangu ya mwaka wa kwanza chuoni. Mwaka wa pili nikaacha. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine, na nyinyi mnaoniandikia inbox mkiuliza kama najuta, jibu langu ni inategemea ni tarehe ngapi za mwezi. Mwaka jana anko akaondoa mashine zote, akabaki na kuprinti na M-Pesa. Siku ya kuhamisha meza aliniita, akanipa namba nne na kebo yake ya bluu imefungwa na raba. Hakuniuliza mambo ya chuo. Alisema tu, "Chukua hii, kijana wangu. Kazi ya video inataka skrini mbili." Nilisikia aibu kuliko kama angenigombeza.

Monita ikakaa chini ya kitanda miezi mingi. Halafu nikapata kazi ya kuhariri video ya ruracio, saa tano za picha, elfu nane, mwisho Jumatatu asubuhi. Kwa kioo kidogo cha laptopu, saa tano za picha ni adhabu. Ijumaa nikavuta namba nne kutoka chini ya kitanda, nikapangusa vumbi, nikashika ile kebo, nikageuza laptopu pande zote kutafuta tundu lake.

Halipo.

Laptopu yangu ina tundu la HDMI, ina USB-C, ina mbili za USB ya kawaida. Tundu la VGA, lile la mashimo 15 kwa mistari mitatu, halikuwahi kuwekwa. Nikaenda tao. Kwa kibanda cha kwanza nikasema nataka kitu cha HDMI na VGA, jamaa akanipa kiboksi kidogo, nikalipa mia nne hamsini. Nyumbani, giza. Kumbe nilinunua kinachotoka VGA kwenda HDMI, wakati mimi nilitaka kutoka HDMI kwenda VGA. Hivi vitu vina upande mmoja tu wa kuingilia, kama barabara ya njia moja, na aliyeviuza wala hakuniuliza naenda upande gani. Jumamosi asubuhi nikarudi, kibanda kingine, nikaeleza vizuri. Nikapewa kebo nzima, ncha moja HDMI, ncha nyingine VGA, mia tatu hamsini. Giza tena. Hii ya pili ndiyo iliniuma zaidi kwa sababu ilikuwa inaingia pande zote mbili bila shida. Umbo lake lilikuwa sawa kabisa na ilikuwa haina kazi hata kidogo.

Kwa nini? Hapa ndipo historia inaanza.

Mwaka 1897 mwanafizikia Mjerumani Karl Ferdinand Braun alitengeneza mrija wa kioo ambao ndani yake miale ya elektroni inapelekwa kugonga kioo chenye dawa ya kung'aa. Ukibadilisha umeme, mwale unasogea. Kutoka kwa huo mrija ndiyo zikaja televisheni za mgongo, zile za nyanya zetu zilizowekwa kitambaa cha kufuma juu, na baadaye monita za kompyuta za mgongo. Kitu cha kushika hapa ni kwamba mrija wa aina hiyo hauelewi namba. Unaelewa nguvu ya umeme tu. Umeme mwingi, mwanga mwingi. Umeme kidogo, mwanga kidogo. Mwale unapita kutoka kushoto kwenda kulia, unarudi, unashuka mstari mmoja, unapita tena, mpaka chini, halafu unapanda juu kuanza upya, mara nyingi kila sekunde.

Mwaka 1981 IBM ikauza kompyuta yake ya kwanza ya mtu binafsi, na kadi ya rangi iliyokuja nayo iliitwa CGA. Sasa sikiza, kwa sababu hapa ndipo mimi niliacha kusoma nikatembea kidogo kwa nyumba. Kebo ya CGA ilikuwa dijitali. Ndiyo, 1981. Ilikuwa na waya nne za rangi: nyekundu, kijani, bluu, na moja ya kuongeza mwanga. Kila waya ilikuwa imewashwa au imezimwa, hakuna katikati. Piga hesabu: mbili mara mbili mara mbili mara mbili, unapata rangi 16. Basi. Mwaka 1984 ikaja EGA, waya za rangi zikawa sita, rangi 64 za kuchagua, na 16 tu kwa wakati mmoja kwa skrini.

Unaona shida inakoelekea? Ukitaka rangi nyingi, unaongeza waya. Ukitaka maelfu ya rangi, kebo inakuwa nene kama mkono wa mtoto.

Ndiyo Aprili 1987 IBM ilipotoa kompyuta za PS/2, wahandisi wake wakageuza mambo. Hizo PS/2 ndizo zilizotuletea matundu ya mviringo ya kibodi na mausi ambayo bado utayakuta kwa mashine za saiba, na ndizo zilizosambaza ile diski ndogo ya inchi tatu na nusu ambayo leo unaijua kama picha ya kusevu. Ndani yake kulikuwa na VGA. Badala ya kuongeza waya, walibaki na tatu za rangi, lakini kila moja ikabeba umeme unaopanda na kushuka kati ya sifuri na volti 0.7. Ndani ya kompyuta kila rangi iligawanywa kwa ngazi 64. Sitini na nne za nyekundu, mara 64 za kijani, mara 64 za bluu, unapata rangi 262,144. Kwa waya tatu! Kuzipata hizo kidijitali kwa mtindo wa zamani ungehitaji waya 18. Ongeza waya moja ya kusema mstari umeisha na nyingine ya kusema ukurasa umeisha, ardhi zake, na una kiunganishi cha pini 15.

Kwa hivyo analogi ilikuja baada ya dijitali. Analogi ndiyo ilikuwa apgredi.

Niliona hiyo sentensi nikaikumbuka 2013. Nilikuwa mtoto, lakini nani hakumbuki? Kampeni za mwaka huo upande mmoja ulijiita wa dijitali, na wapinzani wakabandikwa analogi, na kutoka siku hiyo neno likawa tusi la Kenya nzima. Mwalimu akisahau nywila, analogi. Mzazi akikataa kukununulia simu, analogi. Kijana akiandika barua kwa mkono, analogi. Sisi tulichukua neno la umeme unaopanda na kushuka polepole tukalifanya jina la mtu aliyepitwa na wakati, na hakuna aliyetuambia kwamba 1987 mtu mwenye kitu cha analogi mezani ndiye aliyekuwa mbele ya mtaa wote.

IBM yenyewe haikufaidi sana. PS/2 zilikuwa na mpangilio wa ndani ambao ilitaka wengine walipie, na watengenezaji wengine wakakataa wakaenda njia yao. Lakini VGA walinakili wote. Ndiyo maana jina lililetwa na kampuni moja likaishi kwa mashine za kila kampuni kwa zaidi ya miaka 20, mpaka saiba ya anko Nakuru.

Turudi kwa homa ya manjano, kwa sababu sasa naweza kuieleza na nilingoja miaka mingi. Pini namba 1 ni nyekundu. Namba 2 ni kijani. Namba 3 ni bluu. Pini ya bluu ikilegea, bluu inakufa, na mwanga mweupe ukiutoa bluu unabaki na nyekundu na kijani, ambazo zikichanganyika kwa skrini ni manjano. Ikilegea ya kijani, skrini inakuwa ya waridi la kuchoma macho. Ikilegea nyekundu, unapata rangi ya bahari ya Diani. Dijitali haina huu uungwana wa kuugua nusu. Ikiharibika inakatika-katika au inazima kabisa. Analogi inakuambia imeumia wapi.

Na kabla niendelee: ukitazama kebo yako ya zamani ya VGA ukakuta katikati kuna pini moja haipo, usiitupe. Hiyo ni namba 9. Mwanzoni nafasi hiyo iliachwa wazi makusudi, na baadaye ikatumiwa kupeleka volti 5 kwa monita. Kebo nyingi zilitengenezwa bila hiyo pini na zinafanya kazi. Mimi binafsi nimewahi kuona mtu akitupa kebo nzima kwa sababu ya hilo shimo.

Sasa, jambo la kuchekesha lilianza skrini bapa zilipofika. Namba nne ni skrini bapa, haina mrija wa Braun. Ndani yake kuna vidoti vilivyopangwa, 1280 kwenda kulia na 1024 kwenda chini, na kila kidoti kinataka namba. Kompyuta nayo ndani yake inawaza kwa namba. Lakini kebo ya katikati ni ya VGA. Kwa hivyo kompyuta inachukua namba, inazigeuza umeme wa kupanda na kushuka, inatuma, halafu monita inachukua huo umeme na kukisia namba zilikuwa zipi. Ni kama mimi na wewe tunajua Kiswahili sote lakini tunaandikiana barua kwa Kifaransa kwa sababu posta imezoea Kifaransa. Kitufe cha "Auto" kwa monita za zamani, ambacho saiba zote watoto wanakibonyeza kwa fujo, kazi yake ni hiyo: kuiambia monita ikisie tena, safari hii vizuri.

Watu waliona huu ni ujinga, na 1999 kundi la kampuni zikiwemo Intel, Compaq, HP na IBM wakatoa DVI, kiunganishi cheupe kikubwa chenye skrubu. Hapo namba zilisafiri kama namba. Lakini walikuwa waangalifu. Aina moja ya DVI, ile ya DVI-I, ilibeba dijitali na bado ikabeba analogi kwenye pini za pembeni. Ndiyo maana kulikuwa na vile viplastiki vidogo vya kugeuza DVI kuwa VGA ambavyo havikuwa na chochote ndani, waya tu. Vilifanya kazi kwa sababu analogi ilikuwa tayari iko mle, ikingoja mlango.

Na hapo, wasee, ndipo nilielewa ile kebo yangu ya mia tatu hamsini. Inafanana na vile viplastiki. Mtu anaiuza akiamini, au akijifanya kuamini, kwamba kazi ni kubadilisha umbo la ncha. Lakini HDMI ilipotoka Desemba 2002, ikiletwa na kampuni saba zikiwemo Sony, Hitachi, Philips na Toshiba, ilichukua ule upande wa dijitali wa DVI, ikaongeza sauti, na analogi ikaachwa nje kabisa. Hakuna pini hata moja ya HDMI yenye umeme wa kupanda na kushuka wa rangi. Kwa hivyo kebo tupu kutoka HDMI kwenda VGA ni bomba safi kutoka kwa kisima kisicho na maji. Inabidi katikati kuwe na chipu inayosoma namba na kutengeneza umeme wa analogi upya, na hiyo chipu inakula umeme kidogo, ambao kwa kawaida inaunyonya kutoka kwa pini ya volti 5 ya HDMI yenyewe. Adapta yako ikiwa ni kebo nyembamba tangu mwanzo hadi mwisho, haina mahali pa kuficha chipu, usinunue. Swali la kuuliza muuzaji ni mawili tu: inatoka wapi kwenda wapi, na ina chipu ndani? Akikuangalia vibaya, enda kibanda kinachofuata.

Mkisema hii ni mambo ya wataalamu, nawakumbusha kwamba familia zenu zilishafanya hii kazi. Februari 2015, mitambo ya analogi ya televisheni ilipozimwa Nairobi na viungani vyake, Citizen, NTV na KTN walikuwa kwenye mvutano na serikali na wakawa hewani hawapo karibu wiki tatu. Nilikuwa darasa la tano au sita. Nakumbuka nyumbani tukiangalia kioo kitupu. Halafu mama akanunua king'amuzi, kile kiboksi kidogo chenye waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, tukakichomeka kwa televisheni ileile ya mgongo, na picha ikarudi. Kile kiboksi ni binamu wa adapta yangu ya tatu. Kilikuwa kinapokea namba kutoka hewani na kuzigeuza umeme wa analogi ili mzee wa mgongo aelewe. Televisheni haikuwa imeharibika hata siku moja. Kilichobadilika ni lugha ya waliokuwa wanazungumza nayo.

Hili ndilo linanisumbua kuhusu neno "imepitwa na wakati". Tunalisema kama hali ya hewa, kama mvua iliyonyesha usiku. Lakini kifo cha VGA kina tarehe na kina majina. Desemba 2010, Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG walitangaza kwa pamoja kwamba wanaelekea kuachana na VGA, na Intel na AMD wakasema kufikia 2015 haitakuwa tena kwenye bidhaa zao. Na walitimiza kwa kiasi kikubwa. Kizazi cha sita cha prosesa za Intel Core, 2015, kilikuja bila VGA ndani. Laptopu zilizobaki na lile tundu baada ya hapo zilikuwa zimefichiwa chipu ya kugeuza kwa ndani, yaani adapta yangu ya tatu, lakini imelipiwa tayari.

Siwezi kusema walikuwa waovu. Sababu walikuwa nazo. Analogi kwa picha kubwa inaanza kuwa na ukungu, na kebo ikiwa ndefu unaona kivuli cha herufi pembeni ya herufi. Sakiti za analogi zinakula umeme, na laptopu wanaitaka iwe nyembamba kama daftari, wakati tundu la VGA ni nene. Hizo ni sababu za kweli. Kuna nyingine ambayo haisemwi kwa sauti: kebo ya dijitali inaweza kuwekewa kufuli la kuzuia kunakili filamu, linaitwa HDCP, na VGA haiwezi. Ndiyo maana hata ukiwa na adapta nzuri, filamu nyingine za kulipia zinaweza kukataa kuonekana kwa monita ya VGA.

Ninachosema ni kwamba 2010 hakuna mtu kwenye hilo tangazo aliyekuwa anafikiria kumbi za mihadhara za hapa kwetu. Chuo nilichoacha, projekta ilikuwa inaning'inia na kebo ya bluu inayoshuka ukutani, na kila somo lilianza na dakika kumi za mhadhiri kuuliza nani ana adapta. Kulikuwa na msichana mmoja darasani aliyekuwa nayo. Alijulikana na kila mtu, hata wahadhiri. Siku asipokuja tunasomewa slaidi kwa mdomo.

Na msidhani sasa tumefika. USB-C ilitoka 2014, pini 24, inaingia juu chini bila kujali, na tukaambiwa mambo ya matundu yameisha. Lakini umbo ni lile la umbo tu. USB-C moja inabeba picha, nyingine inabeba data na chaji pekee, na ukizitazama huoni tofauti, labda ukibahatika kukuta alama ndogo ya DisplayPort au ya radi kando yake. Ya kwangu haibebi picha. Niliangalia kabla ya kununua adapta ya nne, kwa hivyo nimejifunza kitu.

Adapta ya tatu nilinunua Jumamosi jioni, mia saba, ina kichwa kinene na chipu yake. Nikachomeka. Namba nne ikaamka! Lakini ruracio yote ilikuwa imevutika kwenda juu, wazee wote mbavu nje. Hii nayo ina historia. Mwanzoni VGA haikuwa na njia nzuri ya monita kujieleza, kompyuta ilikuwa inakisia tu. Mwaka 1994 shirika la VESA likatoa utaratibu wa monita kutuma kadi yake ya utambulisho kupitia pini za kebo hiyohiyo, baiti 128 zinazosema mimi ni nani, nina vidoti vingapi, naweza kasi gani. Adapta za bei nafuu au kebo zilizochoka wakati mwingine haziipitishi hiyo kadi vizuri. Kompyuta ikikosa kadi inaenda kwa kipimo cha usalama, kwa mfano 1024 kwa 768, na monita yenye umbo lingine inakivuta kujaza kioo. Nikaingia kwa mipangilio ya skrini, nikachagua mwenyewe 1280 kwa 1024, kasi 60, nikabonyeza "Auto". Wazee wakarudi kuwa wazee. Ukichagua kasi ya juu kuliko uwezo wake, monita nyingi za umri huo zitaandika kwamba kipimo kimezidi na kukaa gizani. Haziungui. Ngoja sekunde 15 hivi bila kugusa kitu, kompyuta itarudi yenyewe ilikotoka.

Nilihariri usiku wa Jumamosi na Jumapili yote. Karibu saa nane za usiku kuamkia Jumatatu, nikiwa nasahihisha rangi za mashuka ya akina mama, kila kitu kikageuka manjano. Mashuka, mbuzi, ukuta wa nyumba, anga. Nikasema nimeharibu faili. Nikageuka kwa kioo cha laptopu, rangi ziko sawa. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nikapiga picha skrini, nikamtumia anko nikidhani ataiona asubuhi. Akajibu palepale, sijui alikuwa anafanya nini macho saa hizo. "Namba nne huyo. Usinunue kebo. Sukuma upande wa kulia, halafu uweke karatasi iliyokunjwa hapo chini isishuke."

Nikakunja risiti ya ile adapta ya kwanza, ya mia nne hamsini. Imetosha.